Neti, Septrin na kipimo cha kidole: kujikinga na malaria kama unatumia ARV hapa Mombasa

Mie naishi Mtopanga, huu mwaka wa kumi na kitu nameza ARV, yaani dawa za virusi vya ukimwi, na tangu nianze dawa malaria imenikamata mara tatu, na zote tatu nikikaa nikahesabu siku kurudi nyuma naukumbuka kabisa ule usiku nlolala nje ya neti. Moja ilikuwa matangani Kilifi, moja stima ilipotea siku mbili joto likanishinda nikatandika mkeka uani, na ya tatu ni uvivu tu, neti nlikuwa nimeifua na sikuifunga tena. Kwa hivyo haya nnayoandika mengine ni ya kliniki na mengine nimelipia mwenyewe kwa homa.

Sisi watu wa mjini tuna maneno yetu, ati malaria ni ya Kisumu na Busia huko, huku kwetu ni joto na mafua. Kuna ukweli kidogo hapo, manake utafiti wa kitaifa wa 2020 ulipopima watoto, upande wa Ziwa karibu 19 kwa kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria damuni na huku Pwani ni kama 5. Lakini tano kwa mia si sufuri, na weye mwenye virusi hesabu yako si sawa na ya jirani yako. Mtu aliyekulia Pwani ameumwaumwa na malaria tangu utotoni mpaka mwili ukajifundisha kupigana nayo, sasa CD4, zile seli za kinga ya mwili, zikishuka ile elimu inapotea, malaria inakuja mara nyingi zaidi na ikija inakuja kwa nguvu. Tena ukiwa na malaria virusi navyo vinapanda kwa muda, kwa hivyo haya magonjwa mawili yanasaidiana kukumaliza. Na kabla mtu hajauliza, manake lazima kuna mtu atauliza: la, mbu haambukizi ukimwi.

Hatua ya 1: jua dawa zako kwa majina

Hii watu wanairuka na ndo ya kwanza. Chukua simu sai hivi, piga picha ile karatasi ya chupa yako ya ARV, picha nyingine ya Septrin, ile ya kukinga maambukizi, kama unatumia, na nyingine ya ukurasa wa kitabu cha kliniki wenye CD4 na vairo lodi (wingi wa virusi damuni) ya mwisho. Weka pahali utazipata hata ukiwa unatetemeka kwa baridi ya homa saa nane za usiku. Wengi wetu siku hizi tuko kwa TLD, kile kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, lakini kuna waliobaki kwa efavirenzi na kuna walio kwa dawa za laini ya pili, wanazopewa wale ambao za kwanza zimeshindwa, zenye lopinaviri au atazanaviri, na tofauti hiyo inakuja kuwa kubwa ukishikwa na malaria, nitaieleza huko chini.

CD4 yako ikiwa chini ya 200, au ndo kwanza umeanza dawa, au uliacha ukarudi, jihesabu uko kwa hatari zaidi na usiruke hata hatua moja ya hizi. Ikiwa virusi vimelala na CD4 ziko juu, alhamdulillah, hiyo ARV unayomeza kila siku tayari ni kinga yako ya kwanza ya malaria kwa vile inakulindia ile kinga ya mwili. Lakini neti haikuhusu kidogo, inakuhusu sana.

Hatua ya 2: neti, na hapa tutakaa

Kila mtu ana neti. Kulala ndani yake ndo kazi, na sababu inajulikana: joto. Mwezi wa pili na wa tatu Mombasa hata mjusi anatafuta kivuli, na chumba cha nyumba ya Kiswahili chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani ukifunga neti unahisi kama umefungiwa kwenye sufuria. Mie nlihangaika mpaka nkapata njia zangu.

Kwanza neti ya pembe nne ni bora kuliko ile ya duara ya kuning'inia, manake ya duara inakuangukia usoni na mwilini, na mbu anakuuma kupitia hapo hapo kitambaa kilipokugusa. Ya pembe nne inakaa mbali na mwili na hewa inapita. Piga misumari minne kwenye kuta, funga kamba, uiache juu iwe imekazika kama paa. Pili, feni iweke nje ya neti ielekee kitandani, upepo unapunguzwa kidogo na kitambaa lakini unafika, tena mbu mwenyewe ni mrukaji dhaifu, upepo wa feni unamsumbua. Tatu, lala na leso au kikoi chepesi, ondoa yale mablanketi ya kutandikia mapambo. Nne, na hii nlifunzwa na mama mkwe wangu, lowesha leso, ikamue sana, ining'inize dirishani jioni.

Ukilala uani au barazani kwa sababu ya joto, sikukatazi, najua hutasikia. Lakini lala na neti huko huko. Kamba ya nguo ukutani upande mmoja, vijiti viwili vya mkoko upande wa pili, neti inasimama vizuri tu juu ya kitanda cha kamba. Kwenye mkeka, pindo ziingize chini ya mkeka pande zote, usiache hata pahali pa kidole.

Neti mpya ukiitoa kwenye mfuko ianike kivulini siku nzima na usiku wake kabla hujalala ndani, la sivyo ile dawa itakuwasha uso na macho na utasema neti mbaya. Kuifua, sabuni ya kipande ya kawaida na maji baridi kwenye karai, usiiloweke usiku kucha, usitie Jik, usiisugue kwenye jiwe kama jinzi, na muhimu kuliko yote usiianike juani manake jua linaua dawa. Mara tatu nne kwa mwaka zatosha. Neti za dawa ya muda mrefu zimetengenezwa kudumu kama miaka 3 au kufuliwa kama mara 20, kwa hivyo ukiifua kila Ijumaa ukijiona msafi, kwa miezi mitano umebaki na pazia. Siku uliyoifua ndo siku ya kuifunga tena, kabla ya magharibi, nshawaambia yangu.

Tundu likitokea shona usiku huo huo, au fundo la uzi tu. Na jamani neti ya serikali si ya kufugia vifaranga wala kuvulia dagaa.

Za bure zinapatikana vipi? Mama mjamzito anapewa kliniki ya wajawazito, na mtoto kliniki ya watoto, na kila baada ya miaka kadhaa kuna ule ugawaji wa mtaa mzima, hesabu yao ni neti moja kwa watu wawili. Wakija kuandikisha, wewe hesabu watu wote waliolala nyumbani, hata yule mpwa aliyekuja "kwa wiki mbili" miaka miwili sasa. Ukikosa zote, uliza muhudumu wa afya wa mtaa wenu.

Hatua ya 3: jioni mpaka usiku wa manane

Yule mbu anayekupigia zumari sikioni saa mbili usiku, wa mitaro na mashimo ya choo, mara nyingi ni kuleksi, kazi yake kubwa ni kero na ugonjwa wa matende. Wa malaria ni anofelesi jike, huyo hana kelele nyingi, na akitua ukutani anakaa kichwa chini mkia juu kama mtu anayedeki. Anaanza kutoka giza likiingia, na kazi yake kubwa anaifanya usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri. Halafu kuna wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, huyo ni edesi, wa dengi na chikungunya, na Mombasa zote mbili tumezionja, chikungunya ilitupiga 2004 ikarudi 2017 ikaingia 2018 watu wakitembea wameinama kama wazee. Nawataja wote watatu kwa sababu mtu akisema "mie sisikii mbu chumbani kwangu" hajasema kitu.

Kwa hivyo barazani baada ya magharibi vaa nguo ndefu, dera au suruali na mikono mirefu, na vifundoni na miguuni paka dawa ya kufukuza mbu, ile yenye DEET inafanya kazi, soma kwenye chupa inadumu saa ngapi. Ukijifukiza majani ya muarubaini au kivumbasi yanapunguza kiasi, lakini usilale ukitegemea moshi, na zile koili ukiziwasha ndani milango imefungwa unajiumiza kifua, na wengi wetu kifua ndo pahali tushaumwa na TB. Waya wa mbu madirishani ukiweza ni pesa nzuri sana umetumia, hata kama ni dirisha la chumba cha kulala peke yake.

Ramadhani ina mambo yake. Usiku wote watu wako nje, tarawehe, mihadhara, karata, daku, na mwenye virusi anakaa kama wengine, ni sawa, lakini hiyo ndo saa ya mbu. Paka dawa ukitoka tarawehe. Vidonge vya kila siku peleka futari au daku, chagua moja ubaki nayo mwezi mzima, mwambie daktari wako mapema kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya 4: maji

Hii nitakuwa mkweli, kwa nyumba moja huwezi kumaliza anofelesi wa mtaa. Wanazaa kwenye maji yaliyotuama yenye jua, vidimbwi vya mvua, machimbo ya mawe yaliyoachwa, visima visivyofunikwa, hata bwawa la kuogelea la nyumba ya kifahari ambayo mwenyewe yuko ng'ambo. Lakini ya kwako yafanye: mapipa na matangi, kwa vile maji ya mfereji Mombasa yanakuja yakitaka, yafunike kwa kifuniko au kitambaa kilichofungwa na mpira, na kila wiki pipa limwage lisugue ukuta wa ndani, manake kiluwiluwi kinahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuwa mbu. Masika, kuanzia mwezi wa nne, na vuli kuanzia wa kumi, ongeza bidii. Kule mpaka wa kaskazini, Marsabit, mwishoni mwa 2022 alionekana mbu mpya wa malaria anaeitwa stefensi ambaye anapenda mapipa na matangi ya mjini, kwa hivyo hii tabia ya kufunika maji tuianze sasa.

Hatua ya 5: Septrin

Septrin, yaani kotrimoksazoli, tunaijua kama dawa ya kifua na ya kuharisha, lakini inapunguza malaria pia, na kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 960 mara moja kwa siku, ama kidonge kikubwa kimoja ama viwili vya 480. Zamani kila mwenye virusi alipewa maisha yote. Miongozo imebadilika miaka ya karibuni na wengine wameachishwa, kwa hivyo usimuone mwenzako hapewi ukafikiri umeonewa, wala usiombe vya jirani. Uliza kliniki swali moja la wazi: "Mie nakaa eneo la malaria, CD4 yangu ni hii, niendelee na Septrin au niache?" Wakikwambia endelea, basi ni kila siku, na wakikwambia acha, acha kwa sababu wao wamesema na si kwa sababu vilikwisha.

Inywe na maji mengi, joto letu hili na figo zako unazijua. Ukiona vipele, mwili kuwasha, na hasa ngozi kuchubuka au vidonda mdomoni na machoni, usimeze kingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukishawahi kupata aleji ya dawa za salfa, iandikwe kwa kitabu juu kabisa kwa wino mwekundu.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi anaanza Septrin wiki ya 6 mpaka ithibitike hana, na hiyo inamkinga malaria pia. Chanjo ya malaria mnayoisikia redioni ilianza 2019 upande wa Ziwa na ni ya watoto wadogo, mtu mzima asisubiri hiyo.

Hatua ya 6: ukiwa mjamzito

Hapa ndo pananiuma. Kwa mwanamke asiye na virusi mimba ya kwanza ndo hatari zaidi kwa malaria, zinazofuata mwili umeshajifunza. Kwa sisi kila mimba ni kama ya kwanza. Malaria inajificha kwenye kondo la nyuma, mama anaweza asihisi homa kali, lakini damu inapungua na mtoto anazaliwa mdogo au kabla ya siku zake.

Pwani ni kati ya sehemu ambazo mama mjamzito anapewa SP, ile tuliyokuwa tunaiita Fansidar, vidonge vitatu kwa pamoja, kuanzia wiki ya 13, kisha tena kila baada ya mwezi au zaidi, angalau mara tatu mpaka ajifungue. Nzuri. Lakini SP ni salfa na Septrin ni salfa, na mama anayemeza Septrin kila siku HATAKIWI kupewa SP juu yake. Kanuni iko wazi na manesi wanaijua. Shida ni benchi.

Nakupa mfano. Shoga yangu mmoja, mimba ya pili, kliniki siitaji. Asubuhi benchi limejaa wanawake kama ishirini na vitabu mapajani, sista ana trei ya bati na vikombe vidogo vya plastiki na jagi la maji, anapita anagawa vidonge vitatu vitatu na anasimama mbele yako mpaka umeze, kwa sababu ndo utaratibu, dawa inamezwa mbele ya muhudumu. Shoga yangu alikuwa kwa Septrin tangu aanze kliniki. Kushoto kwake jirani yake wa mlango wa pili, kulia wifi wa jirani. Akikataa ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, Bombolulu nzima inajua kabla ya adhuhuri. Akameza. Usiku mgongo wote ukafura vipele, akakuna mpaka damu, wiki nzima hakulala. Mtoto alizaliwa salama, lakini hiyo ni bahati yake.

Sasa mie kila mama nnayekutana nae namfunza maneno haya ayakariri: "Sista, mie natumia dawa ya salfa kila siku, iko kwa kitabu." Basi. Hujataja ugonjwa, wa benchini hawajui salfa ni nini, na sista akisikia salfa anaelewa anakupita. Bora zaidi uingie chumbani kupimwa presha useme huko kabla trei haijaanza kuzunguka. Na kama trei imekukuta na ulimi umekuwa mzito, sema unatapika leo, utameza kesho, kisha rudi ndani uongee na sista peke yake.

Kwa upande mwingine, mama mwenye virusi ambaye HATUMII Septrin anatakiwa apate SP kama wengine, usikose zote mbili. Na vidonge vya foliki visiwe vile vikubwa vya miligramu 5, vinapunguza nguvu ya SP, vya kliniki ni 0.4.

Hatua ya 7: safari na matanga

Ukitoka kwenda ushago wa Msambweni, Ganze, au upande wa Siaya na Busia, hesabu uko vitani. Mfuko wangu wa safari uko tayari nyuma ya mlango: neti iliyokunjwa, kamba mita nne, misumari, dawa ya kujipaka, ARV na Septrin za siku zote na wiki moja ya ziada, tochi. Watu wananicheka nikifunga neti matangani, mama mmoja wa Kaloleni aliniuliza kama nimekuja kuzika au kuoa. Acha wacheke. Kukesha ukiwa macho vaa soksi, miguu ndo wanaianza.

Ukirudi tia alama kwenye kalenda. Malaria haitoki siku ya pili, inaanza kama siku ya 7 baada ya kuumwa na mara nyingi kwenye wiki ya pili, kwa hivyo homa ya siku kumi baada ya matanga si "uchovu wa safari".

Hatua ya 8: homa ikija, kidole kwanza

Mwili umechemka, kichwa, viungo, baridi. Unaenda kemisti unasema "nipe ya malaria". Hapa ndo tunapokufa. Kwetu sisi homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa TB, nimonia, dengi, au ile meninjitisi ya fangasi inayokuja na kichwa cha siku nyingi na shingo kukaza CD4 zikiwa chini. Ukimeza dawa ya malaria kwa kubahatisha na si malaria, umempa yule mwizi halisi siku tatu za kuchukua mali.

Kwa hivyo pima siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Kile kipimo cha kidole kinachukua kama dakika ishirini na dispensari za serikali wanacho, na wahudumu wa afya wa mtaani wengine pia. Jua tu kwamba kipimo hicho kinaweza kubaki na mistari miwili, yaani kinasema una malaria, hata wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hivyo kama ulitibiwa mwezi huu na homa imerudi, omba damu yako iangaliwe kwa darubini. Kikitoka hasi, usikubali kupewa dawa ya malaria "just in case" kama wanavyosema, wala ile "taifodi kidogo" ambayo kila mtu Mombasa akipimwa anayo, omba wakuangalie kifua, mkojo, na uwaambie una virusi wakufikirie vizuri. Mpaka ijulikane ni nini meza panadol, achana na aspirini na diklofenaki, manake ikiwa ni dengi zinaweza kukutoa damu.

Kusema una virusi kwa mtu wa kemisti ni mtihani, najua. Toa simu muoneshe ile picha ya chupa. "Hizi ndo dawa natumia, zinagombana na hii?" Hajui, nenda kwingine.

Dalili hizi hazingoji mpaka asubuhi: kuchanganyikiwa au usingizi usioamka, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kusimama, kupumua kwa shida, macho manjano, mkojo mweusi kama kahawa ya mahamri. Hapo unataka hospitali yenye sindano ya artesuneti, ile ya malaria kali, si kemisti wala dripu ya nyumbani. Wa Likoni hesabu na feri, kwa hivyo toka mapema. Namba ya dereva wa tuktuk anayelala karibu iwe kwenye simu.

Hatua ya 9: kumeza dawa sawasawa

Malaria ya kawaida dawa ya kwanza hapa Kenya ni AL, yaani artemetha na lumefantrini, Coartem ni jina moja lake. Mtu mzima ni vidonge vinne kwa mara, mara sita kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Hiyo ya saa 8 watu wanaikosea, ukianza saa nne asubuhi ya pili ni saa kumi na mbili jioni.

AL inataka mafuta ndo iingie mwilini. Na sisi Pwani kwa mafuta tumebarikiwa: chai ya maziwa na hamri, uji wa tui, wali wa nazi hata vijiko vichache. Chai ya rangi na mkate mkavu haifai. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi, na mwambie aliyekupa akuongezee vidonge vilivyopungua.

ARV usiziache hata siku moja. TLD na AL zinakaa pamoja vizuri. Kama uko kwa efavirenzi, hiyo inapunguza AL damuni, kwa hivyo meza zote kikamilifu na kama siku ya tatu homa bado iko rudi hospitali, na usikubali dawa ya malaria yenye amodiakwini, ini lako litalia. Walio kwa lopinaviri, AL inapanda damuni badala ya kushuka, daktari ajue kabla, na usijipunguzie vidonge mwenyewe. Kunywa muarubaini au mizizi juu ya hivi vyote siku hizo tatu, hapana, subiri.

Jambo la mwisho linatokea wiki ya pili, ukishapona. Damu imepungua, unapewa vidonge vya madini ya chuma, vile vyeusi vya kuongeza damu, na pengine dawa ya kiungulia kwa vile tumbo limechafuka. Dolutegraviri iliyo ndani ya TLD inashikwa na chuma tumboni ikashindwa kuingia mwilini. Ama uvimeze pamoja na TLD ukiwa umekula chakula, ama TLD saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake. Ile dawa ya kiungulia ya maji meupe haina hiyo ruhusa ya chakula, hapo TLD ni saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake tu. Mie TLD yangu ni saa tatu usiku, kwa hivyo chuma nlikuwa nameza saa saba mchana na wali, na kiungulia nkavumilia mpaka kesho asubuhi.